Kuponya kwa Kuzuia Kupona

DNA iliyomo ndani ya seli ya binadamu huharibika kila siku, na chanzo kikubwa cha kuharibika huko si sumu wala moshi, ni uhai wenyewe. Maji yanayoizunguka huzing'oa herufi zake. Oksijeni inayotumika kutoa nguvu katika chakula huacha masalia makali yanayoibabua. Joto la kawaida la mwili linatosha kuilegeza. Madhara hayo hukadiriwa kufikia makumi ya maelfu katika kila seli kwa siku moja. Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba kitu kinachobeba urithi wa vizazi hakina budi kuwa imara. Tomas Lindahl, mzaliwa wa Sweden, alipiga hesabu katika miaka ya 1970 akaonyesha kwamba DNA huoza kwa kasi ambayo ingeufanya uhai usiwezekane, ila kama ndani ya seli kuna vimeng'enya vya kuikarabati muda wote. Vimeng'enya hivyo vipo. Lindahl alivifuatilia vile vinavyoondoa herufi moja iliyooza na kuweka nzima mahali pake. Aziz Sancar, mzaliwa wa mji mdogo wa Savur nchini Uturuki, alieleza jinsi seli inavyokikata na kukiondoa kipande kilichoharibiwa na jua, na Paul Modrich wa Marekani akaeleza jinsi makosa ya kunakili yanavyosahihishwa. Watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015.

Dhara zito kuliko yote ni kukatika. Uzi mmoja wa DNA ukikatika, ule wa pili huwa kiolezo, na kimeng'enya kiitwacho PARP huwahi kwenye jeraha na kuita vingine vije kufanya kazi. Nyuzi zote mbili zikikatika mahali pamoja, seli hubaki na njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuunga ncha kwa ncha, haraka, hata kama herufi chache zitapotea. Ya pili ni kutafuta nakala nzima ya sehemu ile ile na kuifuata herufi kwa herufi. Kazi hiyo ya makini huhitaji protini zinazotokana na jeni za BRCA1 na BRCA2.

Saratani huzaliwa pale makosa yasiyosahihishwa yanapolimbikizana hadi seli ikaacha kutii amri ya kukoma kugawanyika. Lakini uvimbe ukishazaliwa, nao huhitaji ukarabati ili uishi, pengine kuliko seli nyingine, maana hunakili DNA yake bila kupumzika. Hapo tiba imepata shabaha: kuuzima ukarabati uliosalia ndani ya uvimbe. Hapo pia panazuka swali ambalo maabara haiwezi kulijibu. Kujirekebisha kwa mwili ni miongoni mwa mambo machache ambayo mtu yeyote, mwenye dini au asiye nayo, angeyaita mema bila kusita. Tiba inayofanya kazi kwa kuzuia kujirekebisha huko inapata wapi haki ya kuitwa tiba?

Swali lenyewe si geni kama linavyoonekana. Tangu eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, ianze kuelekezwa kwenye uvimbe, madaktari wamekuwa wakiikata DNA kwa makusudi. Katika miaka ya 1920 Claudius Regaud, daktari wa Kifaransa katika Taasisi ya Radiumu mjini Paris, alifanya majaribio kwa kondoo dume. Aliona kwamba kumfanya mnyama tasa kwa dozi moja ya mionzi kuliunguza ngozi vibaya, ilhali dozi ikigawanywa kwa siku kadhaa, mbegu zilikoma na ngozi ikasalimika. Maelezo kamili yalikuja baadaye: kati ya dozi na dozi, tishu nzima hujirekebisha vizuri kuliko zile zinazogawanyika ovyo. Mgonjwa wa leo anayeitwa hospitalini kwa mionzi siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki, huitwa kwa hesabu hiyo. Kwa maneno mengine, tiba ya mionzi ilikuwa ikiishi kwa tofauti ya ukarabati kabla haijajulikana kwamba ukarabati upo.

Dawa zilifuata mkondo huo huo kwa ukali zaidi. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, Louis Goodman na Alfred Gilman waliongoza jaribio la kumtibu mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu kwa kemikali ya jamii moja na gesi ya haradali iliyotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Uvimbe ulinywea, kisha ukarudi. Sisiplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, huzifunga herufi za DNA pamoja hata zisiweze kunakiliwa. Dawa za namna hii hazimjui mwema na mbaya. Kinachozifanya ziumize uvimbe zaidi ni kwamba uvimbe una haraka. Seli nyingine zenye haraka, za nywele, za utumbo na za uboho, hulipia gharama.

Wanafikra wa dini walilijadili jambo la aina hii karne nyingi kabla seli haijaonwa kwa hadubini. Izz bin Abdisalaam, aliyezaliwa Damascus na kufariki Cairo mwaka 1262, alikuwa mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Katika kitabu chake cha kanuni za maslahi aliandika kwamba mara nyingine sababu ya kuleta maslahi huwa yenyewe ni madhara. Sababu hiyo huruhusiwa au huamrishwa kwa kuwa inafikisha kwenye maslahi, wala haipati uzuri wowote kwa kuruhusiwa. Mfano aliotoa ni kuukata mkono unaooza ili kuiokoa roho. La kuzingatia ni ukweli wa kauli yake: kukata kunabaki kuwa madhara hata baada ya kuruhusiwa. Hakulipamba.

Thomas Aquinas, Mkristo wa karne hiyo hiyo, alikwenda kwa njia nyingine. Akijadili mtu anayemuua mvamizi katika kujitetea, alisema tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, moja lililokusudiwa na jingine lililo nje ya kusudio, na kwamba tendo hupimwa kwa lile lililokusudiwa, mradi nguvu iliyotumika isizidi haja. Walimu wa maadili wa Kanisa Katoliki waliikuza hoja hiyo hadi ikawa kanuni inayotumika katika tiba hadi leo. Kwa kanuni hiyo, daktari anayetoa tibakemikali hukusudia kifo cha uvimbe. Kuharibika kwa uboho anakuona mapema lakini hakukusudii.

Kwa dawa za zamani jibu hilo linafaa. Kwa dawa zinazolenga ukarabati linapwaya. Kanuni ya matokeo mawili, jinsi ilivyokuzwa, haikubali ubaya uwe njia ya kuufikia wema. Huukubali uwe pembeni tu. Sasa, dawa inayozuia PARP haizuii ukarabati kwa bahati mbaya ikiwa njiani kufanya jambo jingine. Kuzuia ukarabati ndiyo kazi yake yote, tena hukufanya katika mwili mzima, kwa kuwa kidonge kilichomezwa huzunguka na damu kila mahali. Anayetaka kuitetea kwa hoja ya kusudio atalazimika kudai kwamba kuzuia ukarabati si ubaya kwa asili yake, na huo ni mjadala mwingine. Izz anaeleza hali halisi kwa unyoofu zaidi: hii ni sababu yenye madhara, nayo hupimwa kwa linalopatikana.

Kupima huko kuna kanuni zake. As-Suyuti, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1505, naye wa madhehebu ya Shafi, aliandika kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Kanuni hiyo iliingia katika Majalla, sheria ya madai ya dola ya Othmaniya iliyokusanywa kati ya 1869 na 1876, kama ibara ya 25. Ibara ya 27 ikaongeza kwamba madhara makubwa huondolewa kwa yaliyo madogo. Zikisomwa pamoja, ibara hizo hazimruhusu mtu kutulia na nia yake njema. Humdai hesabu. Madhara yatakayotokea ni makubwa kiasi gani, yatamfika nani, na anayeyatenda amejuaje?

Dawa za PARP ni mfano mzuri kwa sababu hesabu yake inaweza kuonyeshwa. Mwanamke aliyerithi kasoro ya BRCA1 au BRCA2 huwa nayo katika kila seli, lakini kila seli ina nakala nyingine nzima aliyoipata kwa mzazi wa pili, na hiyo moja inatosha. Saratani huanza pale seli fulani inapoipoteza hata nakala hiyo. Kuanzia hapo uvimbe hauna tena ukarabati wa makini. Umebaki na njia nyinginezo. Ukizuiwa PARP, mikatiko midogo hulimbikizana na kugeuka mikatiko ya nyuzi mbili wakati DNA inaponakiliwa. Baadaye ilibainika pia kwamba dawa huikwamisha PARP juu ya DNA yenyewe, ikawa kizuizi kingine. Seli nzima huirekebisha hali hiyo kwa BRCA yake. Seli ya uvimbe haina pa kukimbilia. Jahazi lenye mafundi wawili wa kalafati laweza kumpoteza mmoja likafika bandarini. Lenye mmoja likimpoteza huzama.

Matokeo hayo yalitangazwa Aprili 2005 na vikundi viwili vya watafiti wa Uingereza katika toleo moja la jarida la Nature, kimoja kikiongozwa na Thomas Helleday na kingine na Alan Ashworth. Dawa ya kwanza, olaparib, iliidhinishwa Ulaya na Marekani Desemba 2014 kwa saratani ya ovari. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2018, lenye wanawake 391 waliokuwa na kasoro ya BRCA na saratani ya ovari iliyosambaa, asilimia 60 ya waliopewa olaparib baada ya tibakemikali walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele baada ya miaka mitatu. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ilikuwa asilimia 27. Baada ya miaka saba, asilimia 67 ya kundi la kwanza walikuwa hai, dhidi ya 46.5 ya kundi la pili. Kwa ugonjwa ambao uligundulika ukiwa umechelewa, takwimu za namna hiyo ni nadra.

Mwaka huo huo wa 2005 ulitoa pia mfano wa upande wa pili. Uvimbe wa ubongo hutibiwa kwa temozolomide, dawa inayochafua herufi za DNA, na kuna kimeng'enya kiitwacho MGMT kinachousafisha uchafu huo. Ilionyeshwa kwamba wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa umejizimia MGMT wenyewe walinufaika na dawa hiyo zaidi sana kuliko wengine. Hatua iliyofuata ilionekana wazi: kuizima MGMT kwa dawa nyingine kwa wale ambao uvimbe wao bado unayo. Majaribio yalifanywa. MGMT ilizimika, lakini ilizimika kila mahali, na uboho ukapata pigo. Dozi ya temozolomide ikabidi ipunguzwe mno, na faida iliyotarajiwa haikuonekana kwa wagonjwa wa uvimbe mkali wa ubongo.

Tofauti kati ya mifano hii miwili haimo katika nia. Watafiti wa pande zote walikusudia kuponya, wote walizuia ukarabati, wote walitumia dawa inayozunguka mwili mzima. Kilichotenganisha ni kwamba katika mfano wa kwanza uvimbe ulikuwa umekwisha kupoteza kitu ambacho mwili mzima bado unacho, na katika wa pili dawa ilizima kitu ambacho wote wawili walikitegemea sawasawa. Uhalali wa tiba hii, basi, unasimama juu ya tofauti iliyojulikana. Daktari asiyejua kama uvimbe anaoutibu una kasoro ya ukarabati anatenda madhara mfano wa madhara, hata kama anatenda kwa huruma. Ujuzi hapa ni zaidi ya nyenzo ya kufanya tendo jema vizuri. Ni sharti la tendo kuwa jema.

Na ujuzi huo hubadilika. Mwaka 2022 watengenezaji wa olaparib, niraparib na rucaparib waliondoa nchini Marekani baadhi ya matumizi ya dawa zao kwa wagonjwa wa saratani ya ovari waliokwisha kupitia tiba nyingi, baada ya takwimu kuashiria kwamba huenda wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wakiishi muda mfupi kuliko waliopewa tibakemikali. Wagonjwa wachache, baada ya kutumia dawa hizi, hupata saratani ya damu inayotokana na uboho ulioharibika. Jambo lililokuwa halali kwa hesabu ya mwaka 2018 laweza kuwa na hukumu nyingine miaka minne baadaye, bila mtu yeyote kuwa alidanganya.

Uvimbe nao haukai ukisubiri. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba baadhi ya seli za saratani zilizokuwa zimepoteza BRCA2 hupata badiliko la pili linalorekebisha lile la kwanza. Protini hurudi kufanya kazi, ukarabati wa makini unarejea, na dawa haina nguvu tena. Kwa lugha ya seli, huko ni kupona kamili: kasoro ya kuzaliwa imefutika. Kwa mgonjwa ni msiba. Jambo hili linapaswa kumsumbua yeyote anayeliona neno afya kuwa na maana moja. Papa Pius XII, akihutubia madaktari Septemba 1952, alitumia kanuni ya zamani kwamba kiungo kipo kwa ajili ya mwili mzima na ndiyo maana chaweza kutolewa sadaka kwa ajili yake. Kanuni hiyo inalieleza jambo hili vizuri kuliko ile ya matokeo mawili. Ukarabati ni mwema unapomtumikia mwenye mwili. Seli iliyoacha kumtumikia haipati wema wowote kwa kujirekebisha, na kuizuia isijirekebishe hakumnyang'anyi mtu kitu.

Swali gumu zaidi liko nyuma ya yote haya, nalo ni kwa nini ukarabati una mapengo tangu mwanzo. Mungu mwenye hekima, husemwa, angeshindwaje kuumba vimeng'enya visivyokosea? Mtu mmoja alikuwa na sababu ya kuliona swali hilo kwa pande zote. Theodosius Dobzhansky alizaliwa Ukraine mwaka 1900, akahamia Marekani mwaka 1927, akawa miongoni mwa wanabiolojia wakubwa wa mageuzi huku akibaki Mkristo wa Kanisa la Kiorthodoksi. Mwaka 1946, akichunguza nzi wadogo wa matunda, alilipa jina jambo ambalo Calvin Bridges alikuwa ameliona mwaka 1922: kasoro mbili ambazo kila moja peke yake haiui, zikikutana katika kiumbe mmoja zinaua. Wazo hilo la nzi ndilo lililozaa dawa za PARP karibu miaka 60 baadaye. Dobzhansky aligundulika kuwa na saratani ya damu mwaka 1968 na akafariki mwaka 1975. Hakuacha kuandika wala kuamini.

Kwa Dobzhansky na wenzake, kasoro za kunakili ndizo malighafi ya mageuzi. Uhai usiokosea kamwe ungebaki vile ulivyoanza. Biolojia ya baadaye imeongeza jambo ambalo labda ni zito zaidi: mwili haungoji DNA ikatike, huikata wenyewe. Seli za kinga hukata na kuunga upya jeni zao ili kutengeneza aina zisizohesabika za vikinga mwili. Susumu Tonegawa alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1987 kwa kulifichua hilo, na watoto wanaozaliwa bila vimeng'enya vya kuunga ncha hizo huzaliwa bila kinga. Mayai na mbegu za kiume nazo hutengenezwa kwa kukata nyuzi na kuzichanganya, na ukarabati wa BRCA ndio unaozifunga tena. Hakuna binadamu ambaye hakutokana na DNA iliyokatwa makusudi.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu cha tauhidi na tawakkul, sehemu ya Ihyaa yake, kwamba haiwezekani kuwepo ulimwengu bora zaidi kuliko huu ulivyo. Kauli hiyo ilizua ubishi wa karne nyingi miongoni mwa maulamaa, kwa kuwa wengine waliona inauwekea mpaka uwezo wa Mungu. Leibniz alisema jambo la karibu na hilo Ulaya mwaka 1710, naye akadhihakiwa. Elimu ya ukarabati wa DNA haithibitishi kauli ya Ghazali, ila inampunguzia mpinzani wake silaha moja: anayedai ukarabati usio na kosa anapaswa kueleza jinsi angezipata kinga na uzazi bila mikatiko. Hata hivyo maelezo hayo hujibu kuhusu uumbaji kwa jumla. Mama mwenye umri wa miaka 38 anayekufa kwa saratani ya ovari hakuuliza kuhusu uumbaji kwa jumla, na kumpa hoja hiyo kitandani ni ukosefu wa adabu.

Ghazali mwenyewe, katika kitabu kile kile, hakuishia kwenye kuridhika. Alizigawa sababu za kuondoa madhara katika mafungu matatu: zenye uhakika, kama maji kwa mwenye kiu, zenye kudhaniwa kwa nguvu, ambamo aliziweka dawa za matabibu, na za kubahatisha, ambamo aliweka kuchoma kwa chuma cha moto. Kuziacha zenye uhakika, alisema, si kutawakali. Mgawanyo huo ungeweza kutumika wodini leo. Olaparib kwa mwenye kasoro ya BRCA imo katika fungu la pili, tena karibu na la kwanza. Dawa hiyo hiyo kwa mgonjwa asiyepimwa huangukia la tatu.

Kipimo chenyewe huzaa wajibu mpya. Mgonjwa akikutwa na kasoro ya kurithi, kila ndugu yake wa baba na mama mmoja ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa nayo, iwe dada au kaka, maana kasoro hizi hurithiwa pia kupitia kwa baba na huongeza hatari ya saratani ya tezi dume na ya kongosho. Mwanamke mwenye kasoro ya BRCA1 ana uwezekano wa takriban asilimia 70 wa kupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80, na wa asilimia 44 kwa saratani ya ovari. Huo si uamuzi wa kadari uliokwisha kuandikwa. Karibu watatu kati ya kumi hawapati saratani ya matiti kabisa. Siri ya mgonjwa ni amana kwa daktari, lakini dada asiyejua yuko katika hatari inayozuilika. Njia iliyo sawa ni mgonjwa mwenyewe kuelezwa, kabla damu haijatolewa, kwamba jibu litawahusu wengine, na kuombwa awaambie. Ujuzi unaomwokoa mmoja na kufichwa kwa wengine wenye haki nao umekatwa nusu ya faida yake.

Kuna waliotaka ujuzi huo uwe mali. Kampuni ya Myriad Genetics ya Marekani ilimiliki hataza za jeni za BRCA kuanzia miaka ya 1990, na kwa miaka mingi ndiyo pekee iliyoweza kuuza kipimo nchini humo. Mei 1995 viongozi wa dini mbalimbali wa Marekani walitoa tamko la pamoja dhidi ya hataza za jeni za binadamu na wanyama, kwa hoja kwamba uhai ni kazi ya Muumba. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hataza za DNA ya asili tarehe 13 Juni 2013, majaji wote tisa wakikubaliana, kwa hoja nyembamba zaidi: kitu kilichotengwa tu kutoka katika maumbile hakijabuniwa na mtu.

Afrika Mashariki tayari inaishi na tiba ya kuzuia ukarabati, ingawa haiitwi hivyo. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa kuua wanawake wenye saratani nchini Tanzania, husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huiharibu protini ya p53 inayosimamisha seli ili DNA irekebishwe. Tiba yake ya kawaida katika vituo kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni mionzi pamoja na sisiplatini. Dawa hiyo huyafanya majeraha ya mionzi yawe magumu kukarabatiwa. Faida ya kuziunganisha ilithibitika mwaka 1999. Chanjo dhidi ya HPV, iliyoanza kutolewa kitaifa Rwanda mwaka 2011, Tanzania 2018 na Kenya 2019, huzuia mkasa wote usianze. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao ukarabati wao ni mzima ila hawana kivuli cha melanini. Kwa ibara ya 27, kinga za namna hiyo zinatangulia dawa yoyote, kwa sababu hazidai madhara makubwa mahali popote.

Kwa dawa zenyewe za PARP, pengo kubwa liko kwenye kipimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu wanawake wenye saratani ya matiti nchini Uganda na Kameruni ulionyesha kwamba kasoro za kurithi za jeni hizi si jambo geni kwao. Lakini hazina za takwimu zinazotumika kutafsiri majibu zimejazwa zaidi na watu wenye asili ya Ulaya, hivyo mgonjwa Mwafrika huambiwa mara nyingi zaidi kwamba badiliko lililoonekana halijulikani maana yake. Jibu hilo halimpi daktari ile tofauti inayoihalalisha dawa. Wizara za afya za ukanda huu zinazofikiria kuinunua zianze na maabara ya kupima jeni na wataalamu wa kuyasoma majibu ya watu wake, vidonge vifuate.